Barua zetu kwenye mlango wa wengine

Kila kampuni yenye kikoa chake ina mstari mdogo kwenye DNS, daftari la majina la intaneti, unaowaambia wengine barua zake wazipeleke wapi. Mstari huo huitwa rekodi ya MX. Uliza rekodi ya MX ya kampuni unayoifanyia kazi, kisha tazama jina linalorudi. Mara nyingi halitakuwa jina la kampuni yako. Litakuwa la huduma ya nje, ambayo seva zake ziko Ulaya au Marekani. Huduma hiyo hupokea kila barua mnayoandikiwa, huipekua kwa mashine, huamua kama ni taka, kisha huwaletea zilizosalia. Wafanyakazi wengi hawajui kwamba mtu huyo wa kati yupo. Wanachokijua ni ile taarifa ya kila asubuhi inayosema barua kadhaa zimezuiwa, basi.

Siku kampuni inapofikiria kumwondoa, suala huletwa mezani kama suala la fedha. Mkataba unakaribia kuisha, bei imepanda, na mtu wa fedha anauliza kwa nini kampuni inalipia kichujio wakati masanduku ya barua yako Google au Microsoft, ambako kichujio kingine kimo ndani ya bei ileile. Swali lake ni la haki. Lakini baada ya kuifanya kazi hii kwa mikono yangu, naamini kipimo cha kwanza kisiwe bei, wala wingi wa taka zinazozuiwa. Kiwe ile barua njema inayozuiwa: inapotelea wapi, na nani anajua kwamba imepotea.

Nilijifunza hilo kwa kontena. Nilikuwa natunza seva za wakala mmoja wa forodha jijini Dar es Salaam. Jumatatu moja asubuhi mama wa idara ya nyaraka, mtu aliyeanza kazi pale mimi nikiwa bado shuleni, alikuja mezani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie. Wakala wa meli anasema hati ya shehena kaituma tangu Alhamisi. Mimi hapa sina kitu."

Nikaingia kwenye ukurasa wa ile huduma ya kuchuja. Hati ilikuwa karantini, imekaa siku nne. Kosa lake lilikuwa faili la zipu lenye nenosiri, ambalo mashine haikuweza kulifungua ili ilipekue. Taarifa ya asubuhi ya Ijumaa ilikuwa imeitaja kweli, mstari wa 40 na ushei, katikati ya matangazo ya dawa na bahati nasibu. Yule mama hakuufikia mstari huo, na sioni kwa nini alaumiwe. Siku za bure bandarini zilikuwa zimekwisha, storeji imeanza kuhesabiwa, na wakala wa meli kwa upande wake aliamini ametimiza wajibu, kwa sababu seva yake iliambiwa barua imepokelewa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Barua taka ikipita, mtu anaiona, ananung'unika, anaifuta. Barua njema ikizuiwa, hakuna anayeiona. Mtumaji anajua ametuma. Mpokeaji hajui kama kuna cha kusubiri. Tuseme kampuni inapokea barua halali 4,000 kwa wiki na kichujio kinakosea mara moja kwa kila 1,000. Kiwango hicho kikiandikwa kwenye kipeperushi cha mauzo kitasomeka kuwa cha kupongezwa, lakini maana yake ni barua 4 kila wiki zinazokwenda gizani, na huwezi kujua ipi kati yake imebeba kontena.

Itifaki yenyewe ya baruapepe ina njia ya kuepuka giza hilo. Seva ikikataa barua palepale mlangoni, kwa namba ya jibu inayoanzia na 5, seva ya mtumaji hulazimika kumwarifu mtu wake kwamba barua haikufika. Mtu huyo atapiga simu, atatuma WhatsApp, atatafuta njia. Karantini hufanya kinyume chake: humwambia mtumaji "nimepokea", kisha huificha barua. Katika uhamaji wowote nitakaoombwa ushauri, nitasema hivi: kichujio kipya kikatae waziwazi kile ambacho kina uhakika nacho, kile chenye shaka kikiingize kwenye folda ya taka ya mtu mwenyewe, na karantini ya mbali ibaki kwa virusi tu.

Mtu wa kati hakujipenyeza mwenyewe mlangoni. Aliitwa, tena kwa sababu nzuri. Mei 3, 1978, Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, aliwaandikia watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET akitangaza kompyuta mpya za kampuni yake. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Mwaka 1982 Jon Postel aliandika itifaki ya SMTP katika waraka wa RFC 821, na itifaki hiyo inamwamini kila mtu: ukisema wewe ni fulani, seva inakubali. Januari 1986, waraka wa RFC 974 wa Craig Partridge ukaeleza rekodi ya MX, ambayo inamruhusu mwenye kikoa kutaja seva nyingine impokelee barua. Nia ilikuwa kuzifikia kompyuta ambazo haziko hewani muda wote au haziko kwenye intaneti kabisa. Miaka kumi na kitu baadaye, taka zilipokuwa mafuriko, kampuni kama Postini, iliyoanzishwa 1999, ziliona kwamba mlango huohuo unatosha kuuzia ulinzi. Hakuna programu ya kusakinisha. Badilisha mstari mmoja kwenye DNS, taka ziishie huko.

Kwa ofisi za Afrika Mashariki palikuwa na sababu nyingine, ambayo leo imesahaulika. Kabla kebo ya Seacom haijaanza kazi Julai 2009, ofisi nyingi za Dar, Mombasa na Nairobi zilinunua intaneti ya satelaiti, nyembamba na ghali. Barua taka iliyochujwa ndani ya ofisi ilikuwa imekwishalipiwa njiani. Iliyochujwa London au Virginia haikugusa satelaiti kabisa. Kichujio cha nje hakikuwa anasa wakati ule, kilikuwa mgao wa maji ya kisima. Kebo zimekuja na bei zimeshuka. Sababu hiyo imekufa, lakini mikataba iliyozaliwa nayo bado hujirudia yenyewe kila mwaka.

Upande wa pili, wenye milango wenyewe wamebadilika. Google iliinunua Postini mwaka 2007 kwa dola milioni 625, na mwaka 2012 ikatangaza kuifunga na kuwahamishia wateja kwenye huduma zake nyingine. MX Logic ilinunuliwa na McAfee mwaka 2009, na huduma iliyotokana nayo ikazimwa Januari 2017. MessageLabs ya Uingereza iliingia Symantec mwaka 2008, na mwaka 2019 Symantec ikaiuzia Broadcom kitengo chake cha makampuni. Proofpoint ilichukuliwa na wawekezaji binafsi mwaka 2021, Mimecast mwaka 2022. Sisemi kwamba kununuliwa ni dhambi. Ninachosema ni kwamba kampuni iliyochagua bawabu fulani mwaka 2006 huenda leo inahudumiwa na mwingine ambaye haikumchagua. Anayengoja hadi afukuzwe huhama kwa tarehe ya mwenzake. Anayehama mapema huchagua tarehe yake.

Sababu nyingine inayostahili uzito ni sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Barua za hospitali, za shule, za ofisi ya rasilimali watu, zikipita kwenye seva za nchi nyingine na kuhifadhiwa huko karantini, ni taarifa zilizosafirishwa. Kuhamia Google au Microsoft hakufuti safari hiyo, asikudanganye mtu. Kunapunguza tu idadi ya mikono, na hilo nalo ni jambo.

Kosa la kawaida ni kudhani kichujio kinachuja tu. Kikikaa mlangoni miaka kumi, kinakuwa bawabu anayewajua wageni kwa majina, anayetunza funguo na kupokea vifurushi vya waliostaafu. Ukimwondoa bila kumuuliza anajua nini, ujuzi huo unaondoka naye.

Pale kwa wakala wa forodha, tulipoanza kuhama, nilitoa orodha ya anwani zote zilizosajiliwa kwenye ukurasa wa huduma ya nje, nikailinganisha na orodha ya masanduku yaliyo kwenye seva yetu. Anwani 11 zilikuwepo kule tu. Mtu aliyenitangulia kazini aliziunda kule kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuigusa seva. Moja ilikuwa ya mzee aliyestaafu, na kampuni moja ya meli ilikuwa bado inaitumia kuleta notisi za kuwasili kwa meli. Barua ziliingia kwa jina lake, bawabu akazielekeza kwa mama wa nyaraka, na hakuna ofisini aliyejua tena kwamba kuna maelekezo hayo. Tungebadilisha rekodi ya MX bila kuitazama orodha hiyo, notisi zingeanza kukataliwa siku ileile.

Kisha orodha ya watumaji walioruhusiwa kupita bila kuchujwa. Ilikuwa na mistari zaidi ya 600, imejengwa kwa miaka, kila mmoja ukiwa umeongezwa na mtu aliyekuwa na haraka. Hakuna tarehe, hakuna sababu. Kati yake kulikuwa na mstari unaoruhusu kikoa kizima cha gmail.com. Mtu alitaka barua ya mteja mmoja ipite, akafungulia kila mwenye anwani ya Gmail duniani. Vijana wengi wa TEHAMA huhamisha orodha kama ilivyo, faili moja kwenda jingine, wakaona kazi imeisha. Mimi niliichapisha nikaipeleka idara ya nyaraka. Yule mama alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu. "Hawa walifunga ofisi. Hawa waliungana na wale wa Mombasa, siku hizi wanatumia jina jipya. Huyu alikuwa dereva wetu, kwa nini yumo humu? Hawa ndio, usiwaguse, hawa ndio wanaoleta hati za Guangzhou." Alitumia saa mbili. Ilibaki mistari 74. Sijui mashine ambayo ingeweza kuifanya kazi ile, kwa sababu alichokuwa anakisoma ni historia ya biashara yenyewe.

Njia ya kutokea husahaulika zaidi kuliko ya kuingilia. Huduma nyingi za kuchuja husafirisha pia barua zinazotoka, na vifaa vya ofisi huelekezwa kwao siku ya kwanza kisha vikaachwa. Mashine ya fotokopi ya ghorofa ya pili inayoskani na kutuma moja kwa moja. Mfumo wa mishahara unaotuma hati za malipo tarehe 28. Kamera za getini zinazotuma tahadhari usiku. Hakuna hata kimoja kitakacholalamika mkataba ukiisha. Vitanyamaza tu.

Dawa yake ipo. DMARC, iliyochapishwa Machi 2015 katika waraka wa RFC 7489, inamruhusu mwenye kikoa kuomba ripoti za kila siku kutoka kwa wapokeaji wakubwa: ni seva zipi zimetuma barua kwa jina lako, na kama zimepita ukaguzi wa SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, na DKIM, yaani sahihi ya kidijitali ya barua. Weka DMARC katika hali ya kutazama tu wiki sita kabla ya kuhama, zisome ripoti, na utashangaa ni nani wote wanaosema kwa kinywa chako. Usiiache kazi hii mwishoni. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka wanaotuma kwa wingi wawe na SPF, DKIM na DMARC, na kwa Google kiwango hicho ni barua 5,000 kwa siku. Angalia pia SPF yenyewe: kiwango chake, RFC 7208 cha 2014, kinaruhusu maulizo 10 tu ya DNS. Kampuni inayomwongeza mtoa huduma mpya bila kumwondoa wa zamani huvuka kikomo hicho kimyakimya, na ukaguzi wote ukavunjika.

Viungo navyo vina mtego wake. Vichujio vingi huandika upya kila kiungo kilichomo kwenye barua ili mtu akibofya apitie kwanza kwenye seva yao. Nia ni njema. Lakini barua za miaka mitano iliyopita, zilizohifadhiwa kama ushahidi wa mikataba, sasa zina viungo vinavyoelekea kwa mtu unayetaka kuachana naye, na hakuna mkataba unaomlazimisha aendelee kuvifungua. Zima uandishi huo miezi kadhaa kabla. Kama huduma ile ndiyo pia inayohifadhi nyaraka za zamani za barua, hesabu muda wa kuzitoa kwa wiki, si kwa siku, na usisaini barua ya kusitisha kabla hujazifungua kadhaa kwenye mfumo mpya na kuona viambatisho vyake vinafunguka.

Wengi hupima kichujio kilichomo kwenye Microsoft 365 au Google wakati bado kimekaa nyuma ya kile cha nje, wakahitimisha kwamba ni dhaifu. Kipimo hicho kina kasoro. Kichujio cha ndani hutegemea sana kuiona anwani ya IP ya mtumaji halisi: ina sifa gani, imeruhusiwa na SPF ya kikoa husika au la. Kikikaa nyuma ya mwingine, kila barua kwake inatoka kwenye IP zilezile chache za bawabu wa mbele. Ni kama polisi anayekagua basi baada ya abiria wote kuvalishwa sare moja. Bawabu wa mbele akiongeza maneno kwenye kichwa cha barua au kuandika upya viungo, sahihi ya DKIM nayo huvunjika. Microsoft ina mpangilio wa kuiruka hatua ya mbele ili imtazame mtumaji wa awali. Uwashe wakati wa majaribio, ndipo ulinganishe.

Hatari kubwa zaidi niliyoiona kwenye uhamaji ni ruhusa zilizobaki. Kampuni inapotumia kichujio cha nje, huifunga faiawoli yake ili bandari ya mtandao namba 25 ipokee kutoka kwa bawabu tu, na humwamini bawabu huyo bila maswali. Baada ya kuhama, mlango hufunguliwa kwa dunia nzima, lakini ile imani kwa anwani za zamani mara nyingi huachwa palepale. Mwaka 2024 watafiti wa Guardio Labs walieleza kampeni waliyoiita EchoSpoofing: walaghai walizipitisha barua zao kwenye akaunti za Microsoft 365, zikaingia kwenye seva za Proofpoint ambazo mipangilio yake iliruhusu akaunti yoyote ya Microsoft 365, na zikatoka na sahihi halali za makampuni makubwa, wastani wa barua milioni 3 kwa siku. Mlango ulikuwa umeruhusu watu wengi kuliko mwenye nyumba alivyodhani. Miaka mitatu kabla yake, Januari 2021, Mimecast ilikuwa imetangaza kwamba cheti inachokitumia kuunganika na Microsoft 365 za baadhi ya wateja kimeangukia mikononi mwa wavamizi. Kwa hiyo kuhama hakumaliziki siku barua zinapoanza kuingia kwa njia mpya. Kunamalizika siku umefuta kila ruhusa uliyompa yule wa zamani: IP zake kwenye faiawoli, jina lake kwenye SPF, ufunguo wake wa DKIM kwenye DNS, akaunti yake ya kusoma orodha ya wafanyakazi.

Kuhusu siku yenyewe ya kubadilisha, maneno machache yanatosha. Rekodi za DNS hukaa kwenye kumbukumbu za seva za watu wengine kwa muda unaoupanga mwenyewe. Kama ni sekunde 86,400, ni siku nzima. Ushushe hadi 300 siku mbili kabla, ili ukikosea uweze kurudi ndani ya dakika. Fanya kazi hiyo Ijumaa jioni, fungua logi, tazama barua zikianza kuhamia njia mpya moja moja. Usiweke jina la zamani kama MX ya pili "kwa usalama": namba ndogo hutangulia, na watumaji wa taka hulenga makusudi ile yenye namba kubwa wakitumaini ulinzi wake ni mlegevu. Lakini akaunti ya zamani ibaki hai siku 30 zaidi, na seva yako iendelee kupokea kutoka kwake, kwa sababu kuna seva huko duniani ambazo huzishika rekodi za zamani kwa ukaidi.

Hofu ninayoisikia kila mara ni ya intaneti kukatika. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na majirani zake. Bawabu wa nje huwashikia barua siku kama hiyo na kuzileta njia ikirudi, na ofisi yenye seva yake chumbani huuliza itakuwaje bila yeye. Jibu limo kwenye itifaki. RFC 5321 inasema seva ya mtumaji ijaribu tena na tena kwa angalau siku nne hadi tano kabla ya kukata tamaa. Anayeshika foleni ni mtumaji mwenyewe. Kinachopotea ni uwezo wa kuzisoma barua kwenye ukurasa wa bawabu wakati seva yenu iko chini, na hilo lihesabiwe kwa haki yake.

Basi nani achukue nafasi ya mlango? Kampuni ambayo masanduku yake yako Google au Microsoft kwa kawaida itumie kichujio cha hukohuko na kuongeza tu kile ambacho majaribio yameonyesha kinapungua. Yenye seva yake na mtu wa kuitunza inaweza kuweka programu ya kuchuja kama Rspamd au SpamAssassin, na hapo kuna mambo yasiyoandikwa kwenye vipeperushi. Sehemu ya SpamAssassin inayojifunza kwa takwimu haianzi kufanya kazi hadi ionyeshwe barua 200 njema na 200 taka, kwa hiyo anza kuilisha kabla ya kuhama. Ukitumia orodha za Spamhaus za watumaji taka, seva yako iwe na kisuluhishi chake cha DNS: maulizo yanayopitia visuluhishi vya umma kama 8.8.8.8 hujibiwa kwa namba ya onyo, na seva iliyopangwa vibaya huitafsiri namba hiyo kuwa "mtumaji ni mhalifu" na kukataa kila barua. Wala usidhani kifaa kilichomo chumbani mwako ni salama kwa sababu ni chako. Mwaka 2023 kampuni ya Barracuda, inayouza vifaa vya kuchuja barua, iliwataka wateja waliovamiwa kupitia udhaifu wa CVE-2023-2868 wabadilishe vifaa vyenyewe, si programu peke yake.

Faida moja ya kuuleta mlango nyumbani inanigusa kwa namna ya pekee, nayo ni lugha. SpamAssassin ina nyongeza iitwayo TextCat inayotambua lugha ya barua, na mwenye seva akiandika kwamba lugha anayoitarajia ni Kiingereza tu, barua ya Kiswahili huongezewa alama za barua taka. Kikomo cha kawaida, ambacho barua ikikifikia huhesabiwa taka, ni alama 5. Barua ya fundi wa Kariakoo aliyeandika kwa Kiswahili, kutoka anwani ya bure, akiambatisha makadirio ya bei, huanza safari ikiwa na mzigo mgongoni. Kichujio kilicholishwa barua zenu wenyewe hujifunza kwamba "naomba ankara ya mzigo uliotoka jana" ni sauti ya kazi.

Hakuna kichujio kitakachowakinga na barua isiyo na virusi, isiyo na kiungo, inayosema kwa upole tu kwamba msambazaji amebadilisha akaunti ya benki. FBI ilihesabu hasara ya dola bilioni 2.9 mwaka 2023 kutokana na ulaghai wa aina hiyo kwenye barua za biashara. Tuliweka utaratibu kwamba akaunti mpya yoyote huthibitishwa kwa simu, kwa namba iliyomo kwenye daftari la mhasibu na si ile iliyoandikwa kwenye barua. Utaratibu huo haukuhama na mtoa huduma yeyote.

Wiki ya tatu baada ya kubadilisha, barua zilizokuwa zikipitia njia ya zamani zilikuwa zimepungua hadi mbili tatu kwa siku, kisha ikabaki moja: seva ya kampuni ile ya meli iliyokuwa ikimwandikia mzee aliyestaafu. Mtu wao alikuwa ameliandika jina la bawabu wetu wa zamani kwa mkono ndani ya mipangilio yao, miaka mingi nyuma. Nikampa mama wa nyaraka namba ya simu ya ofisi yao, akapiga yeye, kwa kuwa wanamjua. Walirekebisha mchana uleule, na jioni nikaufuta mstari wa mwisho kwenye faiawoli.